Nyuzi za Sweta Katika Majarida ya Munyoki

Siku hizi mwalimu hugusa kioo cha simu na kurasa elfu zikammwagikia bila hata moja kumwambia nani aliipitia kabla yake, lakini miaka ile ya tisini, kwenye kibanda cha Munyoki pale Kariobangi, kipande cha uzi wa sweta kilichoning'inia ukingoni mwa jarida kuukuu kilitosha kumjulisha mwalimu kwamba mwenzake amepita hapo, amesoma, na amemwachia kitu.

Munyoki mwenyewe hakuwa mwalimu, wala hakuwahi kutamani kuwa. Alizaliwa upande wa Mwingi, akaja Nairobi angali kijana, akaingia kiwanda cha blanketi na kukaa na mashine moja mpaka masikio yake yakaizoea kelele kuliko sauti za watu. Mwaka wa tisini na moja kiwanda kikapunguza wafanyakazi. Wenye ndugu wakubwa walibaki. Munyoki alipewa blanketi mbili na kuambiwa asante. Hakulia, wala hakwenda kwa mganga. Alinunua gunia la magazeti makuukuu, akaanza kuwauzia wenye bucha na wapika maandazi karatasi za kufungia.

Katika kutafuta karatasi alifika mpaka kwenye nyumba kubwa za ng'ambo ya mji, ambako Wazungu waliomaliza mikataba yao walifunga virago na kuacha majarida yao kwa walinzi. Yalikuwa majarida mazuri, ya karatasi nzito inayong'aa, yenye picha za milima ya moto na mito na mifupa ya wanyama wa zamani. Tatizo ni kwamba mpika maandazi hakuyataka, kwa sababu karatasi inayong'aa hainywi mafuta. Munyoki akayaweka kando, rundo likawa marundo, na marundo yakawavuta walimu kama sukari inavyovuta siafu.

Zama hizo serikali ilikuwa imeleta masomo mengi kuliko vitabu. Mtoto wa shule ya msingi alifundishwa kilimo, sayansi kimu, muziki, sanaa na ufundi, na lile somo lililofunga jiografia, historia na uraia kwa kamba moja. Na safu nzima ya madawati iligawana kitabu kimoja kisicho na jalada. Mwalimu aliyetaka kuwaonyesha watoto volkano ilimbidi aichore mwenyewe ubaoni kwa chaki nyeupe, na ikatoka kama chungu cha uji. Kwa hiyo walikuja kwa Munyoki, wakasimama na kusoma, wakanakili kwa kalamu, wakaenda zao. Alilalamika kwamba wanamchakazia mali, lakini hakuwafukuza, maana hao hao ndio waliowaambia wazazi kila Januari, "Nendeni kwa yule mzee Mkamba, ana vitabu vya mitumba."

Uzi ulianza kwa ugomvi. Mwalimu Phelister Ayuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alikuwa akifundisha shule moja upande wa Ziwani na kuishi Kariobangi. Alikuwa Msabato, hivyo Jumamosi hakushika kazi. Siku yake ya majarida ilikuwa Jumapili. Jumapili moja Munyoki akamwona akikunja kona ya ukurasa.

"Mwalimu, hiyo kona umeikunja ya nini? Jarida ni kama shati. Likikunjwa vibaya halina mnunuzi."

"Nimeweka alama. Wiki ijayo nitaupata wapi ukurasa huu katika kaburi hili la karatasi?"

"Weka alama kichwani."

"Kichwa changu kina watoto sitini na wanane, Mzee. Hakijabakiza nafasi."

Jirani yao, Aoko, alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine chini ya mabati yale yale, na alipenda ugomvi wa watu wengine kuliko chai. Akakata kipande cha uzi wa maruni, rangi ya sweta za shule ya Phelister, akamrushia. "Chukua hii, Mwalimu. Huyu mzee angekuwa na duka la nguo, angewakataza watu kuvaa."

Phelister aliulaza uzi katikati ya kurasa, akauacha mwisho wake uning'inie nje kama mkia wa panya. Kisha, kwa kuwa ukurasa ule ulimfaa mtoto wa darasa la sita, akaufunga mkia ule mafundo sita. Hapakuwa na zaidi ya hilo siku hiyo.

Jumatano jioni akaja Luseno, mwalimu wa shule moja ya Lucky Summer, kijana mwembamba wa baiskeli ambaye Jumapili hakuonekana kwa sababu aliongoza kwaya. Akauona mkia, akafungua, akasoma kilichoandikwa kuhusu mchwa na majumba yao. "Mzee, huu uzi ni wa nani?" Munyoki akamweleza. Luseno akacheka, kisha akaacha kucheka, akatafakari, akamwomba Aoko uzi wa buluu. Kufika mwezi wa pili tangu hapo kulikuwa na maruni, buluu, kijivu, chungwa, na kijani kibichi cha Mwalimu Ruqiyo, aliyekuja kutoka Eastleigh kila Jumamosi mara tu baada ya kusomesha madrasa. Kila mmoja alitumia rangi ya sweta za watoto wake. Mafundo yalikuwa darasa. Na mtu akiupeleka ukurasa darasani ukawafaa watoto, alirudi akatia uzi wake kando ya ule wa kwanza, maana yake: nami nimejaribu, ni kweli. Ukurasa wenye mikia mitano ulikuwa umeshapita mikononi mwa walimu watano na watoto mia tatu, na hapakuwa na mkaguzi wa elimu aliyewahi kuupitisha.

Hakuna aliyewaandikia sheria. Hapakuwa na mwenyekiti wala mweka hazina, ndiyo maana mambo yalikwenda. Walikuwa watu wa siku tofauti, wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso, kila mmoja akifuata ibada yake na zamu yake, na bado walizungumza. Luseno na Ruqiyo walibishana miezi mitatu kwa mafundo tu: mmoja aliweka sita kwenye makala ya mvua na mawingu, mwingine akaja akaongeza la saba, wa kwanza akalifungua, wa pili akalirudisha. Phelister alikuwa ameshaamua kwamba wa kijani ni mzee mwenye ndevu, aliyesoma sana, kwa sababu mafundo yake yalikuwa madogo na ya kukaza na alipenda habari za mito. "Yule mzee wangu wa kijani," alikuwa akisema, "hajawahi kunipotosha." Munyoki alimsikia akanyamaza. Ilikuwa tamu kujua asichokijua mwalimu.

Naye Munyoki, ambaye zamani alisoma gazeti kwa ajili ya mpira peke yake, alizoea mchana usio na wateja kufungua palipo na mkia. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba tembo huomboleza wafu wao, na kwamba kuna nchi ambako jua halizami kwa miezi. Alikuwa akimsimulia Aoko, na Aoko akimjibu kwamba nchi kama hiyo umeme wake ni rahisi.

Majarida yenye mikia alikuwa ameyatenga kwenye ubao wa juu, na hakuwa akimuuzia mpita njia. Hata yeye hakujua ni lini aliamua hivyo.

Mwezi wa tisa wa mwaka tisini na tano akaja mtu anayeitwa Gichuru. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na viatu vilivyokwepa matope kwa ustadi. Alikuwa na shule yake ya kulipia, iliyokuwa ikipanda ghorofa juu ya ghorofa, na alitaka chumba cha maktaba cha kuwaonyesha wazazi. Alisimama kando kitambo, akatazama jinsi walimu wanavyotazama.

"Mzee, hizi zenye uzi ni za nani?"

"Ni zangu," akasema Munyoki. "Uzi ndio wa walimu."

"Wa nini?"

Hapo Munyoki alikosea. Angesema ni takataka za Aoko, yangeishia hapo. Lakini aliona fahari, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe mwenye akili, akamweleza yote: rangi, mafundo, mikia mitano. Gichuru alimsikiliza kwa makini, kama asikilizaye bei ya shamba.

"Kwa hivyo hawa walimu wamenifanyia kazi yote ya kuchagua."

"Hawajakufanyia wewe, mkubwa."

"Ijumaa naleta pikapu. Nachukua zenye uzi, zote. Hizo zingine baki nazo ufungie nyama."

"Hizo siuzi. Ni za walimu."

"Si umeniambia sasa hivi ni zako?" Gichuru akapangusa kidole alichogusia rundo. "Fikiria, Mzee. Shemeji yangu huniambia watu wanaotafuta nafasi sokoni hapa ni wengi."

Shemeji yake ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyogawa nafasi za vibanda. Munyoki alijua, na Gichuru alijua kwamba anajua.

Alikaa siku mbili na jambo lile kama mfupa kooni. Kumkatalia ni kukosa kibanda. Kumkubalia ni kuwanyang'anya walimu kazi ya miaka mitatu, tena wiki chache kabla ya mtihani wa darasa la nane. Alhamisi alfajiri, Aoko hajafika, akapata wazo, na wazo lile likamfanya acheke peke yake. Alichomoa nyuzi zote kutoka kwenye majarida mazuri. Akazichomeka kwenye uchafu: vitabu vya kurekebisha injini za magari ya kizamani, majarida ya mitindo ya harusi za Ulaya, vitabu vya kanuni za gofu, orodha za mbegu za maua. Mazuri akayashindilia kwenye magunia chini ya benchi. Gichuru angetaka mikia, basi angepata mikia. Baadaye, alijiambia, nitaomba uzi kwa Aoko nirudishe kila kitu mahali pake. Uzi ni uzi.

Ijumaa Gichuru hakuja. Aliyekuja ni mpwa wake Munyoki, kutoka stesheni ya mabasi, na habari kwamba dada mkubwa wa Munyoki amefariki kule Mwingi. Munyoki alifunga vitu vyake. Watu walikuwa wamejaa kibandani, wengine wa kumpa pole, wengine wa kusikiliza tu, na si mahali pa kueleza hila. Akamwambia Aoko kwa haraka, "Akija yule mtu wa suti, mpe zote zenye uzi," akaondoka.

Mashine ya Aoko ilisimama. Alikuwa amekata nyuzi zile kwa mkono wake miaka mitatu, na sasa zinauzwa kwa gunia.

Jumamosi alimweleza Ruqiyo. "Anauza alama zetu?" Ruqiyo aliuliza, kisha akafungua mfuko wake mkubwa na kuanza kupakia kila chenye mkia bila kufungua, mpaka mfuko ukakataa. Jumapili akaja Phelister na kiondo, akafanya vivyo hivyo huku akimtaja Munyoki kwa majina asiyoyatumia kanisani. Jumatatu Luseno akafunga mzigo nyuma ya baiskeli. Walipita wengine pia. Wote waliokoa, wala hapana aliyesimama kutazama anachokiokoa, maana nyumba ikiwaka moto hakuna anayechagua vikombe.

Jumanne pikapu ya Gichuru ikaja. Alitafuta mkia hata mmoja, hakuona. Akamwambia Aoko maneno mawili tu: "Mwambie nimemwelewa."

Munyoki alirudi Jumatano na mfuko wa ndengu kutoka nyumbani. Alimsalimu Aoko mara mbili.

"Sasa unanisalimu nini, na umeshatuuza," Aoko akasema, macho kwenye mashine.

"Nimeuza nani? Gichuru alichukua?"

"Achukue nini? Walimu wamezinusuru zote. Hakupata hata moja."

Munyoki alikaa juu ya gunia. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetoka msibani, halafu kikakatika. "Aoko. Wamenusuru zipi?"

Jibu lilikuja kesho yake jioni, limevaa kiatu cha shule na limebeba kiondo. Phelister alikuwa ametoka kazini moja kwa moja.

"Hujambo, Mzee."

"Sijambo, Mwalimu."

"Nami sijambo. Watoto wangu pia hawajambo. Wamemwona bibi harusi."

Akalitoa jarida na kuliweka mezani. Alikuwa ameliambia darasa la nane kwamba leo wataona jinsi volkano inavyolipuka. Akafungua penye uzi wake mwenyewe wa maruni, wenye mafundo manane, akaliinua jarida juu kwa mikono miwili ili hata wa nyuma waone. Pichani alikuwa Mzungu mwenye shela la kuburura, amezungukwa na maua. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo kweli imelipuka," na darasa likamshinda mpaka kengele.

Aoko alificha uso kwenye sweta aliyokuwa akifuma, mabega yakimtikisika. Munyoki akamweleza Phelister yote, toka suti ya kahawia mpaka magunia chini ya benchi. Akavuta gunia moja, akalifungua. "Yapo, Mwalimu. Yote mazuri yapo hapa. Hayakwenda popote."

Phelister alitazama majarida yasiyo na mikia. Hasira ilimtoka usoni, ikabaki namna ya huzuni, na hiyo Munyoki aliiona mbaya zaidi.

"Ungeuza ningekusamehe. Mtu mwenye njaa huuza. Lakini wewe uliuambia uzi useme uongo. Kesho nikiona kijani, nitajuaje ni yule mzee wangu amesema, au ni wewe umeshika shika?"

"Nitarudisha kama ilivyokuwa."

"Haya," akasema. "Rudisha."

Alijaribu. Siku nne alikaa na magunia na kapu la nyuzi za Aoko. Jarida la tembo alilijua, la jua lisilozama alilijua. Lakini je, tembo walikuwa wa maruni au wa kijivu? Walikuwa darasa la tano au la saba? Alikuwa amezisoma kurasa zile kama hadithi. Hakuwahi kuzisoma kwa macho ya mtu ambaye kesho atasimama mbele ya watoto. Kila uzi aliouchomeka ulikuwa neno lake yeye, siyo la mwalimu. Siku ya nne akauchomoa wa mwisho, akamwambia Aoko, "Nimeharibu, mama. Hii siyo ya mikono yangu."

"Basi waite wenye mikono."

"Nitawaita vipi? Kila mtu ana siku yake. Na watakuja kwa nani, kwa mwongo?"

Aoko ndiye aliyejua njia. Wazazi kutoka shule zote zile walipita kwake kuchukua sweta, na kila sweta ilitoka na ujumbe wa mdomo: mwambie mwalimu wako, sikukuu ya tarehe kumi Oktoba, Munyoki anawaomba waje wote, na walete walichochukua. Haikuwa Ijumaa, haikuwa Jumamosi, haikuwa Jumapili. Siku hiyo Mungu hakuwa na miadi na yeyote.

Asubuhi ya sikukuu Munyoki alifagia mbele ya kibanda, akapanga viti vya kuazima, akawasha jiko la chai. Aoko alikuwa amezipika zile ndengu za Mwingi na kusukuma chapati. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna mtu. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga hotuba. Munyoki alihamisha viti kutoka kwenye jua kuvitia kivulini, kisha akavirudisha.

"Kaa chini," Aoko akamwambia. "Unanichosha macho kwa kutembea."

Kisha baiskeli ya Luseno ikatokeza, imebeba injini za magari ya kizamani. Nyuma yake wakaja wa kijivu na wa chungwa, waliokutana njiani bila kujuana na wakagundua kwamba wote wawili wamebeba gofu. Ruqiyo alifika na mfuko wake mkubwa, msichana wa miaka ishirini na kitu, mtandio mweusi, uso wa utani uliofichwa vizuri. Phelister alikuja wa mwisho, kiondo mkononi, akasimama.

"Wa kijani ni nani hapa?"

"Mimi," akasema Ruqiyo.

"Wewe? Wewe si mzee wa ndevu?"

"Ndevu nimeziacha nyumbani, Mwalimu, leo ni sikukuu." Ruqiyo akamtazama juu mpaka chini. "Na wewe ndiye maruni? Mimi nilijua ni mwanamume, mkali, wa kutandika watoto."

"Kwa kutandika hujakosea," Luseno akadakia.

"Na wewe buluu nyamaza, nina kesi na wewe," Ruqiyo akamgeukia. "Miezi mitatu unafungua fundo langu. Mvua na mawingu mtoto wa darasa la sita ataelewa nini?"

"Wangu wanaelewa."

"Wako wanaelewa kwa sababu Lucky Summer maji yanaingia ndani ya nyumba."

Kicheko kilipotulia wakabaki wakimtazama Munyoki. Alisimama na sufuria ya chai mkononi, akasahau kuiweka chini.

"Niliona naficha nyama paka asile," akasema. "Nikasahau kuwa wenye nyumba nao wana njaa. Sikuwauza, walimu wangu. Lakini niliyofanya ni mabaya kuliko kuuza, Mwalimu Phelister ameshaniambia. Majarida ni hayo. Siwezi kuyasema kama mlivyoyasema ninyi. Mkiona mwache, mwache."

Darasa la nane lilikuwa na wiki nne mpaka mtihani, na kila mmoja alilihesabu hilo kimoyomoyo. Phelister aliweka kiondo chini.

"Sharti moja," akasema. "Kuanzia leo mkono wako usiguse uzi."

"Hata ukianguka?"

"Hata ukianguka. Uache pale pale, mwenye rangi yake ataokota."

"Hata nikiona kuku anauchukua?"

"Mfukuze kuku. Uzi usiguse."

Munyoki akakubali, na chai ikamiminwa. Walikaa kwenye viti na magunia na madebe, wakalifungua jarida moja baada ya jingine, na lile lililokuwa limesemwa kimya kimya kwa miaka mitatu likasemwa sasa kwa midomo. "Huu ulikuwa wangu, mafundo saba." "Hapana, wewe ulikuja baadaye, mimi ndiye wa kwanza." "Mpe maruni, mpe, mchwa walikuwa wake." Waligundua kurasa walizokuwa wamezipita wote, wakagundua kwamba wa chungwa alikuwa akiweka alama zake karibu na picha za chakula kila mara, wakamcheka mpaka akakiri kwamba hanywi chai asubuhi. Ilipofika saa ya alasiri Aoko alimtandikia Ruqiyo khanga safi nyuma ya pazia la sweta akaswali, na Luseno akamshikia ukurasa wake kwa kidole, bila kuufunga, mpaka aliporudi. Fundo la saba akaliacha.

Munyoki alizunguka na sufuria. Aliwatazama wanavyogombana na kupokezana, akajiona mtu tajiri, ingawa hakuna hata mmoja aliyenunua kitu siku ile.

Yaliyofuata ni ya kawaida katika mji huu. Wiki ya mwisho ya mwezi huo kamati iligundua kwamba kibanda cha Munyoki kimezidi mpaka wake kwa futi chache, ingawa kilikuwa kimesimama pale pale miaka minne. Nafasi akapewa muuza viatu. Munyoki akasafirisha ndoo zake na benchi lake mpaka Mwingi, akafuga mbuzi. Aoko alihamia karibu na dada yake Ziwani, na haukupita muda kabla sweta za kiwandani hazijaiua mashine yake. Walimu walikuja kila mmoja kwa siku yake, wakakuta viatu. Hawakuwa wameachiana anwani, hawakuwahi kuzihitaji. Leo shule zina vyumba vya kompyuta vilivyofungwa kwa kufuli tatu, na walimu wa shule mbili zilizopakana hawajuani hata kwa rangi.

Lakini hilo lilikuwa halijafika bado. Jioni ile ya sikukuu jua lilikuwa limelala kwenye mabati, na marundo yalikuwa na mikia tena. Phelister alisema ya darasa la nane yasikae kibandani hata usiku mmoja, yule mtu wa suti asije akarudi. Kila mwalimu abebe yake nyumbani, ayatumie mpaka mtihani upite, kisha wayarudishe wakutane tena hapa. Wote wakaona ni maneno ya busara. Munyoki akawagawia kamba za kufungia mizigo. Hizo aliruhusiwa kuzigusa.

Waliondoka pamoja, kwa mara ya kwanza, wakiufuata ukuta wa soko. Luseno aliikokota baiskeli badala ya kuipanda, ili asiwaache. Mikia ya rangi rangi ilichezacheza chini ya makwapa yao. Ruqiyo na Phelister walikuwa bado wakigombania jarida moja la mito, kila mmoja ameshika upande wake, wala hakuna aliyevuta kwa nguvu. Munyoki alikuwa akitaka kuwaita, awaambie kitu, hata hakujua ni kitu gani. Mara mpika maandazi akamgusa bega akitaka karatasi, zile za kawaida zinazonywa mafuta, naye akainama kumchagulia. Alipoinuka walikuwa wameshapinda kona.